Vinia ya gamba kwenye rodi: ya kuvisha, ya kubandika, chembe au njumu?

RodiMtwapa

Wakuu, salaam aleikum. Mimi huunda rodi za kuvulia baharini kwa mkono, hapa Mtwapa. Wateja wangu wengi ni wenye boti za kitalii zinazotoka Kilifi, Watamu na Malindi kufuata sulisuli na nduwaro. Wiki iliyopita mmoja kaniletea ufito mpya wa rodi ya kurambazia, yaani ya kuvuta chambo nyuma ya boti, mweusi wa kaboni, akasema juu ya mpini anataka sentimita 24 zivishwe gamba, zimete kama shingo ya njiwa. Kanionyesha na picha ya rodi ya Mmarekani. Nikamjibu itawezekana. Sasa nimerudi nyumbani najiuliza nimesema nini.

Nimeona njia nne, na kila moja ina watu wanaoiapia. Kuna karatasi nzima ya vinia (gamba halisi lililokatwa jembamba sana) ya paua, yule konokono wa New Zealand mwenye buluu na kijani. Huuzwa kwa mapande ya milimita 240 kwa 140, unene kama 0.15, bila gundi. Kuna hiyo hiyo yenye gundi mgongoni, unachambua na kubandika. Kuna chembe za gamba za kunyunyiza kwenye epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili ikaganda ngumu na angavu. Na kuna karatasi iliyochapwa picha ya gamba, ambayo bei yake ni ya chai na mahamri.

Ufito wenyewe una kipenyo cha mm 16 chini, na mm 15 pale juu sentimita 24 zinapoishia. Nipeni ukweli, msinionee haya.

BabaFulusi

Ya picha itupe kabla hatujaendelea. Gamba la kweli ukiligeuza juani rangi inahama. Picha imeganda pale pale kama kalenda ya ukutani. Mwenye rodi atajua siku ya kwanza boti ikigeuka.

Ya gundi mgongoni nimeitumia kwenye rodi mbili na siirudii, si kwa rodi ya bahari. Kazi yenyewe tamu: saa moja umemaliza, unapaka epoksi juu, unajiona fundi. Shida ilianza Februari. Rodi hushinda juani kwenye vishikio vya boti toka alfajiri hadi alasiri. Gundi ya stika ikipata joto inalegea, na gamba kutwa kucha linataka kurudi kuwa bapa, basi likainuka kwenye mshono. Liliinuka upana wa unywele tu chini ya epoksi, lakini epoksi ikapata ufa, ufa ukaingiza maji ya chumvi, na damu ya samaki ikafuata. Mstari mweusi toka juu hadi chini! Nilizikwangua zote mbili kwa wembe jioni nzima, bila malipo.

Chembe_Tanga

Mimi ni mtu wa chembe, sikatai. Unapaka epoksi nyembamba, unanyunyiza chembe kwa chujio la chai, unaacha ishike, unakung'uta, halafu tabaka mbili tatu za epoksi juu yake. Hakuna mshono, hakuna hesabu. Ila tuambiane ukweli kama ulivyoomba: chembe kila moja imelala upande wake, kila moja inamulika kwake. Inakuwa kama mchanga wa ufuoni wenye mbalamwezi. Pazuri, lakini shingo ya njiwa siyo.

Kwa kuzungusha rodi ili epoksi isichuruzike kabla ya kuganda, usinunue mashine. Toa mota ya sahani kwenye maikrowevu iliyoharibika. Inazunguka mara 5 au 6 kwa dakika na inatosha kabisa. Kasoro yake ni moja, umeme. Ulinikatikia epoksi ikiwa na dakika arobaini, nikaketi na rodi mapajani naigeuza robo mzunguko, robo mzunguko, mpaka saa nne usiku. Mke wangu akadhani nabembeleza mtoto.

Mwanaisha_wa_Fumba

Kaka zangu, mimi si mtu wa rodi, nafanya vidani na herini za gamba. Naingia kwa mambo matatu tu.

Gamba hili ni jamii ya chokaa. Ndani yake kuna vitabaka vya aragoniti vilivyopangwa kama matofali, kila kimoja unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na ile rangi inayohama inatokana na mwanga kugonga vitabaka hivyo ukirudi. Kwa hiyo msilisafishe kwa ndimu wala siki! Nilipoanza kazi nililoweka sinia zima la magamba kwenye siki niyang'arishe. Yalitoka meupe butu kama ganda la yai, nikayatupa yote. Maji ya sabuni yanatosha.

Vumbi lake si la kuchezea kifuani. Ukisugua, sugua likiwa limelowa, na barakoa uvae hata kama unakata kidogo.

La mwisho, rangi. Vinia za waridi kali na zambarau kali zimetiwa rangi, na jua la baharini litazila. Buluu ya paua ni ya kuzaliwa nayo, haiendi popote. Na mtu akikuuzia nautilasi, yule jamii ya pweza mwenye gamba, ulizia karatasi zake, maana biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na CITES, mkataba wa kulinda viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017.

RodiMtwapa

Dada Mwanaisha, ahsante sana. Na hawa chaza wetu je? Nasikia kwenu Fumba akina mama wanafuga chaza wa lulu. Magamba yanayobaki hayawezi kufanya kazi hii?

Mwanaisha_wa_Fumba

Yanabaki, na ni mazuri, yana fedha yenye ukingo wa kijani. Lakini nikiyakata kwa mkono napata unene wa milimita moja, nikijitahidi sana nusu. Ukilipinda hilo kwenye ufito wa mm 16 litavunjika mkononi. Yanafaa kitu bapa.

Fundi_Njumu_Lamu

Ndipo na mimi nilipokuwa nangoja mfike. Wanangu, gamba si nguo, mnalivishaje? Gamba ni njumu. Chukua gogo la mbambakofi au mvule, chonga kiti cha rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) na mpini, chimba vishimo vya umbo la almasi kina cha milimita moja, pachika chaza wa huyo binti, ziba kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao ile ile, piga msasa mpaka viwe sawa na mti. Mpini haupindi, kwa hiyo hakuna cha kupasuka. Na mteja akiulizwa gamba limetoka wapi, atasema limetoka bahari hii hii anayovua. Hilo la New Zealand lina kisa gani hapa kwetu?

RodiMtwapa

Shikamoo mzee. Maneno yako yamenigusa, na rodi yangu mwenyewe nitaifanya hivyo inshallah. Lakini huyu bwana anataka mpini wa povu mkono usiteleze ukiwa na mafuta ya samaki, na kiti cha rili ameshanunua cha aluminiamu. Mbao hazina pa kukaa.

Fundi_Njumu_Lamu

Marahaba. Basi mvishe nguo.

Mtu_wa_Matrah

Ndugu RodiMtwapa, niko Maskati, nimevisha fito nyingi, nyingine nyembamba kuliko huo wako. Chukua karatasi nzima isiyo na gundi, ila ujue kazi kubwa iko kabla ya gundi.

Usikate mstatili. Ufito wako unapungua: mzingo wa chini ni kama mm 50.3, wa juu 47.1. Ukivisha mstatili uliofumbana vizuri chini, juu utapandana milimita tatu, na watu watafikiri umekata kwa meno. Zungushia karatasi ya daftari, ikaze, halafu pitisha wembe toka juu hadi chini ukikata safu zote mbili kwa pamoja. Ukiikunjua hicho ndicho kipimo chako. Pande la mm 140 linakupa vipande viwili. Kimoja ni cha kuharibu, usijidanganye.

Halafu lainisha. Bandika utepe wa karatasi wa wapaka rangi upande wa uso, loweka kwenye maji ya moto yasiyochemka dakika chache, futa, kisha lizungushe polepole kwenye bomba la mm 40, uende la 25, umalizie la 20. Utasikia tiki-tiki-tiki kama mtu anakanyaga majani makavu. Usiache! Hizo ni nyufa ndogo ndogo, na ndizo zinazoliruhusu gamba kupinda. Epoksi nyembamba ikizinywea zinapotea machoni, kwa sababu kilichozionyesha ni hewa iliyokuwa ndani. Zitakazobaki zinafanana na mishipa ya gamba lenyewe.

Ufito wako mweusi ni bahati. Kwa unene wa 0.15 gamba linapitisha mwanga, kwa hiyo cha chini kinaonekana. Juu ya kaboni nyeusi paua inakuwa buluu ya bahari kuu. Juu ya ufito mweupe inapauka, itabidi upake rangi nyeusi kwanza. Piga msasa wa 400 kuondoa mng'ao, futa kwa spiriti.

Pakaza epoksi nyembamba, visha, funika kwa plastiki ya kufungia chakula, kisha funga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli ukianzia katikati kwenda nje, ili hewa na epoksi ya ziada vitokee mwishoni. Acha mpaka kesho. Mshono uweke tumboni mwa rodi: ya kurambazia pete zake za kupitishia mshipi ziko juu, basi mshono unaangalia maji. Miisho yote miwili ifungwe kwa uzi, upana wa milimita 5 au 6, uzi ukanyage ukingo wa gamba.

Chembe_Tanga

Kwa nini usibandike kwa supaglu, mzee? Sekunde kumi umemaliza.

Mtu_wa_Matrah

Hizo sekunde kumi ndizo tatizo. Likigusa vibaya hulirudishi. Na kwenye unyevu wa pwani supaglu inatoa moshi unaoganda kama ukungu mweupe, na juu ya kitu cheusi unaonekana toka mlangoni.

Na mwingine atauliza uzito: gamba lote hilo halifiki gramu 5. Epoksi utakayopaka juu yake ndiyo nzito.

Kolekole_Shimoni

Mnaongea kama rodi haipindi. Mimi navua kolekole kwa kurusha, na samaki mkubwa akizama mwambani rodi yangu inakunja mpaka kwenye mpini. Gamba la sentimita 24 pale, epoksi ngumu juu, litalia siku ya kwanza.

Mtu_wa_Matrah

Kwa rodi yako uko sahihi kabisa. Yeye ana ya kurambazia, nene pale juu ya mpini, inaanza kupinda mbele zaidi. Kwako ningekata pete fupi za gamba za sentimita tatu, kati ya pete na pete uzi, ili ufito upumue katikati. Na popote pale, gamba lisivuke pete ya kwanza ya mshipi.

BabaFulusi

Nyongeza ndogo kuhusu epoksi ya juu. Ile ya nusu kwa nusu pimeni kwa bomba la sindano, si kwa macho, maana ikikosea kidogo inabaki inanata milele. Na sindano za duka la dawa zenye mpira mweusi zimepakwa silikoni. Tone moja likiingia, epoksi inakimbia na kuacha vishimo kama macho ya samaki. Mimi natumia zile za plastiki tupu, zisizo na mpira.

RodiMtwapa

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nilianza na kipande cha rodi iliyovunjika, kama mlivyotabiri nilikiharibu. Sikuamini ile tiki-tiki, nikaogopa, nikaliacha kwenye bomba la 25 na kuruka la 20. Nilipovisha lilipasuka mara moja, ufa mmoja mrefu, pwaa. Kipande cha pili nilikifikisha la 20 kwa kulazimisha moyo, kikavikwa kama soksi. Nyufa kweli zilizama. Nilikaa naangalia epoksi ikiingia, mstari mmoja mmoja unazimika kama taa za mtaani.

Umeme haukukatika, ila nilikuwa na kiti tayari pembeni.

Jana mwenyewe kaja kuichukua. Akaishika, hakutazama juu hata kidogo, akaigeuza tumbo na kuniuliza, "Huu mstari ni wa nini?" Nikamwambia ndio unaoangalia maji. Akacheka, akalipa. Lakini leo asubuhi nimezungusha uzi mmoja wa fedha kwenye kipande changu cha majaribio, nione kama ukilazwa juu ya mshono wote utaonekana pambo.

Mwanaisha_wa_Fumba

Picha, kaka. Na ya juani, si ya chini ya taa.