Mtera mwezi wa nane: ndoano zinaishia kwenye visiki. Mnavuaje humu?

Mwalimu_Mgeni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa huku upande wa Iringa, karibu na Migoli, tangu Januari. Kwetu ni Ukerewe, nimekulia kwenye mtumbwi, kwa hiyo nilifika na majivuno yangu. Bwawa la Mtera limenishusha.

Wanaolijua Mtera wanajua ile miti iliyokufa, imesimama majini mpaka macho yanachoka, kila tawi na mnandi wake. Mwezi wa tano nilikuwa natoka Jumamosi na ndoano 5, narudi na perege (kwetu tungemwita sato) wa mboga na wa kumpa jirani. Sasa ni mwisho wa Agosti, kipupwe bado kinauma alfajiri. Natoka na ndoano 10, narudi na 2 na samaki mmoja wa kiganja. Juzi nimepoteza risasi nne (vile vizito vya kuzamishia mshipi) kabla ya saa tatu asubuhi, halafu mtumbwi ukapanda kisiki ambacho naapa mwezi wa tano hakikuwepo. Ule mkwaruzo chini ya makalio, na mamba nimetoka kuwaona wakiota jua ng'ambo, sitausahau.

Samaki wamekwenda wapi? Na mnavuaje humu bila kumaliza mshahara kwenye ndoano? Msiniambie nitege nyavu. Niliazima moja, nikarudisha nusu.

Chapa_Lapa:
Mkuu, samaki wa kukaanga wanauzwa barabarani pale bwawani, unapewa na pilipili. Ndoano za nini 😂

Mzee_wa_Kasia:
Mwalimu, shikamoo hukutoa ila nimeipokea.

Maji haya yalipoanza kujaa, mwanzoni mwa miaka ya 80, mimi nilikuwa kijana wa kubebeshwa makasia. Hicho kisiki hakikuja. Maji ndiyo yameondoka. Bwawa likijaa kabisa ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na mitambo ya umeme inaruhusiwa kulinywa mpaka 690. Wewe mwalimu, toa hesabu: mita nane na nusu za kupanda na kushuka. Mvua zikishakatika linashuka tu, na Mto Ruaha Mkuu unaolijaza, tangu 1993 hukauka kule Hifadhi ya Ruaha karibu kila kiangazi. Anayetukumbuka ni mto mwingine, Ruaha Mdogo.

Sasa mti ukikaa majini unaoza pale maji yanapokutana na hewa. Chini yake unabaki mgumu kama siku uliyozama. Ndiyo maana mingi imekatika kichwa, shina limebaki limejificha. Ule unaouona umesimama hauna shida na wewe, utaukwepa. Ogopa palipo wazi katikati ya miti, pakivutia kupita. Hapo piga kasia polepole, mtu wa mbele achungulie.

Samaki hawajahama. Perege anakula ule ukoga wa kijani kwenye mbao, aende wapi? Ila baridi imemfanya mvivu, hafukuzi chambo, mpaka umpelekee mdomoni. Alfajiri yuko chini. Jua likishapiga shina, kuanzia saa tatu, anapanda upande wa jua. Wewe saa tatu ulikuwa umeshamaliza risasi!

Kosa lako jingine ni kurusha. Kurusha ni kwa Ukerewe kwenye nafasi. Huku funga mtumbwi kwenye mti uliosimama, upepo ukusukume mbali nao usikubamize, kisha teremsha mshipi wima kando ya shina la jirani. Ukigusa chini, pandisha dhiraa moja, tulia. Ndoano iwe ndogo, ya waya mwembamba. Ikinasa unavuta taratibu inanyooka, inatoka, unaikunja tena kwa koleo. Risasi usinunue. Fundi pikipiki atakupa plagi mbovu bure, ifunge kwa uzi wa cherehani chini ya ndoano. Ikinasa uzi unakatika, plagi inabaki, ndoano inarudi. Chambo kiwe mnyoo mdogo wa ardhini, ufunike ncha ya ndoano tu.

Saa sita uwe nchi kavu. Upepo wa mchana mwezi huu hauna adabu.

Kambale_Mkubwa:
Mzee umesahau kambale. Kipande cha sabuni ya mche, saa mbili usiku, karibu na matete. Hutajuta.

Mzee_wa_Kasia:
Sijasahau. Saa mbili usiku ndiyo saa ya kiboko kutoka kwenda kula majani, na njia yake ni hapo hapo kwenye matete yako. Sabuni ogea.

Mwalimu_Mgeni:
Mzee wangu, shikamoo, ya leo na ile ya siku ile.

Nimerudi sasa hivi. Nilifika saa mbili na nusu, nikafunga mtumbwi, nikakaa kama mjinga mpaka jua likapanda. Miti miwili ya kwanza hola. Mti wa tatu, upande wa jua kama ulivyosema, mshipi ukawa mzito tu, wala hakuvuta. Nilidhani ni kisiki tena. Perege saba jumla, wawili wa kujaza sahani. Plagi tatu zimebaki chini, ndoano nimerudi nazo zote isipokuwa moja. Saa tano na nusu upepo ukaanza, nikakunja.

Fundi sasa ananiuliza mwalimu asiye na pikipiki anafanyia nini plagi.

Mzee_wa_Kasia:
Usimwambie. Ataanza kuziuza. Na mimi niletee mbili.