Nataka kukaa msituni siku 40 nimalize simulizi yangu. Ushauri tafadhali

Kalamu ya Mbagala (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Miaka yote nasoma tu humu bila kuchangia, leo yamenifika.

Ke, 33. Naandika simulizi. Mwaka jana nilimsindikiza rafiki yangu kwenda Amani, ule msitu wa Usambara Mashariki juu ya Muheza. Yeye alikuwa na kazi ya kupima miti, mimi sikuwa na kazi yoyote. Tulikaa siku nne. Asubuhi ya pili niliamka kumi na moja alfajiri, mbega wanakoroma juu ya miti kama pikipiki iliyogoma kuwaka, ukungu umeingia mpaka chumbani. Nikakaa kwenye ngazi na kaunta buku. Nilipokuja kuinua kichwa, chai ilikuwa imepoa ina utando juu na nilikuwa nimejaza kurasa kumi na moja. Kwa mkono! Mimi huwa naandikia kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, ukurasa mmoja siku nzima.

Tangu mwezi wa tatu nimekwama. Naandika "Amina alifungua mlango", nafuta. "Mlango ulifunguka", nafuta. Huo mlango nimeufuta mpaka nimeuchukia.

Nataka kurudi Amani siku 40, simu nizime. Je, siku 40 zinatosha? Niende na laptop au daftari? Na kuna aliyewahi kujitenga namna hiyo akarudi na kazi ya maana? Natanguliza shukrani. Matusi hapana.

Kijiwe Nongwa
Naweka kambi hapa. Bisi ninazo.

Fundi Bomba
Laptop utachajia wapi? Mimi mwaka 2014 nilikwenda Kilindi kufunga pampu ya kisima. Niliambiwa siku tano, zikawa wiki tatu, mtandao mpaka upande kichuguu. Narudi nyumbani nakuta shemeji yangu wa kike amehamia na kabati lake. Nikauliza anaondoka lini, nikaambiwa "tulikupigia hukupatikana". Mpaka leo yupo, na kabati lipo. Dada, siku 40 ni nyingi.

Mama Kulwa
Mwanangu, una mume? Una mtoto? Mbona hujagusia? Mwanamke wa miaka 33 haamki tu akaenda kulala na nyani.

Kalamu ya Mbagala
Shikamoo mama. Mume hayupo, mtoto ninaye mmoja, yuko darasa la pili. Atabaki na bibi yake Korogwe, limeshapangwa hilo. Naomba tubaki kwenye uandishi.

Mama Kulwa
Marahaba. Limeshapangwa, halafu unaomba ushauri.

Mja Mnyonge
Hizo 40 umezitoa wapi? Nabii Musa alikaa mlimani siku 40. Wakristo watakwambia Yesu alifunga jangwani siku 40. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akijitenga katika pango la Hira. Wote hao walimfuata Mola wao. Wewe unamfuata Amina. Tengeneza nia kwanza.

Kalamu ya Mbagala
Sheikh, 40 ni hesabu ya hela tu. Zingefika 60 ningekaa 60.

Babu Maktaba
Binti, nikujibu ulichouliza, maana naona wenzangu wana yao.

Kuna Mmarekani, Henry David Thoreau, ndiye wanayemtaja wote wanaotaka kukimbilia porini. Aliingia kwenye kibanda chake kando ya ziwa dogo la Walden, Massachusetts, tarehe 4 Julai 1845, akatoka Septemba 1847. Kibanda futi 10 kwa 15, alijenga mwenyewe kwa dola 28 na senti kidogo, juu ya ardhi ya rafiki yake Emerson. Watu husoma hapo wakafunga kitabu, wakadhani jamaa alikuwa anaishi na chui. Kwa mama yake kwa miguu haifiki nusu saa. Treni ilikuwa inapita kando ya ziwa, anaisikia ikipiga honi.

Sasa sikiliza kinachokuhusu. Hakwenda kuandika habari za kibanda. Alikwenda kumaliza kitabu cha safari ya mtoni aliyosafiri na kaka yake, na huyo kaka alikuwa ameshafariki. Alikimaliza kweli. Kikatoka 1849, nakala 1,000, na miaka minne baadaye mchapishaji akamrudishia 706 zilizododa. Akazibeba mgongoni mwenyewe kuzipandisha ngazi mpaka chumbani kwake. Kitabu cha maisha ya kibandani, hicho kilichompa jina, rasimu yake alianza kule kule, lakini akarudi nacho mjini akakifumua na kukishona upya mara kadhaa. Kilitoka 1854. Hesabu mwenyewe, miaka saba tangu atoke msituni.

Daftari. Laptop acha.

Mpwani wa Mvita
Babu, huyo wako alikuwa na ufunguo wa mlango wake. Huku kwetu Mombasa Abdilatif Abdalla alitiwa jela mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi aliyoandika kuikosoa serikali, akatoka 1972. Tungo zake akizitungia kwenye karatasi za chooni, kwa kujificha. Zikachapwa 1973. Hakuwa na mbega wala ukungu wala chai ya kupoa. Dadangu, mwenye la kusema huandika hata jikoni.

Babu Maktaba
Na aliyechoka naye? Jela si hoja ya kumnyima mtu likizo.

Mkazi wa Juu
Naona mnaongelea kwetu bila wenyewe. Amani si pori la kupotea. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti pale mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila pembe ya dunia, na majengo yao mengine yanatumika mpaka leo. Hifadhi imetangazwa 1997. Vijiji vimeizunguka na mashamba ya chai yamo katikati. Mtu anakuja na picha ya msitu kichwani, anashangaa kuamshwa na trekta la chai.

Kulala, tafuta kijijini. Kiingilio cha hifadhi utalipa ukitaka kuingia ndani, na usiingie peke yako. Baridi ipo, lete sweta. Daftari liweke ndani ya mfuko wa nailoni, karatasi huku inalegea kwa unyevu mpaka wino unasambaa kama umeandika kwenye tishu. Viatu vikung'ute asubuhi. Ukiona siafu usijifanye jasiri.

Zamani ningekukaribisha kwangu uone vipepeo. Tulikuwa tunafuga, tunawauza nje wakiwa bado kwenye ganda, wanafunguka wakifika Ulaya. Mwaka 2016 serikali ikazuia kusafirisha wanyama hai, na kipepeo naye akahesabiwa mnyama. Nilikuwa nimeshajenga banda jipya la neti, mke wangu kachukua mkopo kikundini. Wale walioiva siku hiyo tuliwafungulia tu. Basi, nimetoka nje ya mada.

Kalamu Kavu
Mleta uzi, kuna kitu unazunguka. Umesema 40 ni hesabu ya hela. Hela ipi? Na kazini umewaambiaje?

Kalamu ya Mbagala
Nilikuwa nauza steshenari ya mtu. Niliaga mwisho wa mwezi. Hela ni akiba yangu. Chumba nimeshaelewana na mama mmoja kule kwa 7,000 kwa siku.

Kalamu Kavu
Steshenari, mtoto, Mbagala, na akiba ya kukaa siku 40 bila kazi. Akiba ya nini?

Kijiwe Nongwa
Bisi zimeungua kwa sababu nilikodoa hapa.

Kalamu ya Mbagala
Haya. Simulizi yangu inauzwa kwenye kundi la WhatsApp. Sehemu 20 za mwanzo ni bure, ukitaka kuendelea mpaka mwisho unalipia 2,000. Wamelipa watu 412. Nimefika sehemu ya 61 na hapo ndipo nilipokwama. Hela ndiyo hiyo. Tiketi ya Muheza nimeshakata, ni Jumatatu.

Kabla hamjanirukia: sikuiba. Walilipia simulizi na simulizi wataipata. Fundi cherehani akipokea advansi akanunulia uzi, kosa liko wapi?

Fundi Bomba
Fundi cherehani hazimi simu siku 40. Mimi fundi, tunajuana.

Mama Kulwa
Laki nane na ishirini na nne elfu za watu! Na kundi umewaambia?

Kalamu ya Mbagala
Nimelifunga, wasiandike mpaka nirudi. Walikuwa wananitumia sauti usiku kucha, "dada, Amina yuko wapi". Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mja Mnyonge
Hiyo haiitwi akiba, hilo ni deni. Rudisha kwanza, halafu nenda hata miaka miwili kama yule Mmarekani.

Babu Maktaba
Suala la hela mtalimaliza. Mimi nina swali dogo. Zile kurasa 11 za mwaka jana, zilikuwa za Amina?

Babu Maktaba
Binti, naona upo hewani.

Kalamu ya Mbagala
Hapana.

Zilikuwa za baba. Alikuwa ananipeleka shule kwa baiskeli, mimi nimekaa kwenye bomba la mbele. Nilikuwa namtazama mikono kwenye usukani, kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi, alibanwa na mlango wa lori. Nimeandika kurasa 11 za ile mikono. Hakuna wa kuninunulia habari ya mikono kwa 2,000, ndiyo maana sikutaja.

Babu Maktaba
Sasa unakwenda kuandika ipi?

Kalamu ya Mbagala
Ya Amina. Nimeshasema.

Chizi Maarifa
Wakuu, mnalishwa chai na mnajiongezea sukari. Huyu kajiunga Alhamisi. Mtu aliyekwama anaandikaje hivi? Chai ina utando juu, kucha nyeusi, mlango wa lori. Anatoa siri moja moja: mtoto, kazi, hela, sasa baba. Huu si uzi, hii ni sehemu ya 1. Kesho tutaambiwa tulipie.

Kijiwe Nongwa
Ha ha ha, sehemu ya 2 tafadhali.

Fundi Bomba
Na mimi nimeshamwaga habari za shemeji yangu bure!

Kalamu ya Mbagala
Nimeambatanisha picha ya tiketi. Jina nimelifunika.

Chizi Maarifa
Tiketi hata mimi ninayo ya mwaka juzi. Imekunjwa, tarehe haionekani. Na jina lote limefunikwa kwa kidole. Kidole chenyewe kina rangi ya kucha nyekundu, mtu ameacha kazi ana hela ya rangi.

Mama Kulwa
Rangi ya kucha ni 500 mwanangu, usiwe mshamba. Ila na mimi sasa nina wasiwasi.

Mpwani wa Mvita
Iwe kweli iwe uongo, jibu langu ni lile lile.

Mkazi wa Juu
Mimi namuamini. Mtu wa kutunga asingesema mbega wanakoroma, angesema ndege wanaimba. Mbega wa huku wanakoroma kweli.

Dereva wa Ubungo
Nimejiunga sasa hivi, mke wangu ndiye kanitumia uzi huu. Jamani ni yeye. Sisi ni kati ya hao 412. Sehemu ya 61 iliishia Amina amesimama mlangoni kwa marehemu mama mkwe, ameshika ufunguo wa lile sanduku la bati, na nyuma yake mtu amekohoa. Tangu mwezi wa tatu mtu yule anakohoa tu.

Chizi Maarifa
Kajiunga sasa hivi. Hii ni akaunti yake ya pili. Nilisema.

Dereva wa Ubungo
Kaka, mimi naendesha basi, sina muda wa kuwa watu wawili. Dada, mimi sikudai 2,000. Nenda huko kwenye nyani ukapumzike. Niambie tu kitu kimoja, nitakaa nacho mwenyewe: ndani ya sanduku kuna nini?

Kalamu ya Mbagala
Sijui kaka.

Dereva wa Ubungo
Hujui vipi?

Kalamu ya Mbagala
Nililiweka sanduku pale sehemu ya 44 kwa sababu nilikosa pa kumalizia. Nilidhani nitajua nikifika. Nimefika na sijui.

Dereva wa Ubungo
Duh.

Mimi nimemwambia mke wangu ni hati ya nyumba, yeye anasema ni barua. Tumewekeana elfu kumi.