Ushauri: Fikra za kikompyuta kwenye kipindi cha fizikia, naanzia wapi?

MwlFizikia: Wakuu, habari. Nina wanafunzi 45 na kipindi cha dakika 40. Darasani hakuna kompyuta, maabara ya kompyuta naipata mara moja kwa wiki. Kwa fikra za kikompyuta namaanisha kutatua tatizo kwa hatua zilizo wazi: nataka wajifunze kuunda modeli (mfano rahisi wa jambo halisi) na kuijaribu, ila fizikia isigeuke somo la kompyuta.

Dadu100: Mwalimu, anza bila kompyuta. Chukua mada ya elementi nururifu, zile ambazo atomi zake huvunjika zenyewe: kila dadu ni atomi, ikionyesha 6 imevunjika. Makundi matano, kila moja dadu 20. Kanuni ni moja: rusha zote, toa zilizoonyesha 6, hesabu zilizobaki, andika, rudia. Kabla ya kurusha, kila mwanafunzi aandike makadirio yake, hili usiliruke kabisa. Kisha jumlisha ubaoni matokeo ya makundi yote. Kutoka 100, kwa wastani zitabaki 83, 69, 58, 48, yaani nusu huisha karibu na mrusho wa nne. Grafu ya kundi moja huyumba sana kwa sababu dadu ni chache. Ya darasa zima huwa mkunjo laini. Waulize kwa nini. Hakuna awezaye kusema dadu ipi itatoka, lakini kundi kubwa linatabirika.

Jedwali: Naunga mkono. Siku ya maabara, wape Excel na maji yanayopoa. Maji nyuzi 80, chumba nyuzi 25, kiwango cha kupoa 0.05 kwa dakika. Joto jipya = joto la sasa − 0.05 × (joto la sasa − 25) × dakika za hatua. Hatua ya dakika 1 inatoa 77.25, kisha 74.64. Wakokotoe hizo mbili kwa mkono kwanza. Kosa utakaloliona sana: wanaburuta fomula chini bila kufunga seli ya kiwango kwa $B$1 (alama za $ huzuia seli hiyo isihame fomula ikiburutwa), safu yote inaharibika.

Halafu waambie waweke hatua ya dakika 30. Maji yatashuka hadi −2.5, baridi kuliko chumba! Hapo watatambua wenyewe kwamba kompyuta imetii fomula, na tatizo ni hatua kubwa mno. Mwisho walinganishe na vipimo vya kipimajoto.

MwlFizikia: Shukrani sana. Na kwenye kusahihisha?

Dadu100: Wape utaratibu wenye kosa, mfano unaohesabu dadu kabla ya kutoa zenye 6. Wao ndio waonyeshe hatua iliyokosewa, na grafu ingebadilikaje.