Mabua ya mahindi hayatoi sukari, shida ni wapi?

msomi_wa_Juja Road: Wadau habari zenu. Niko kwa projekti ya mwaka wa nne, nasaga mabua naweka selulasi (enzaimu ya kuvunja selulosi iwe sukari) nyuzi 50, pH 5, naacha siku tatu lakini glukosi inatoka kidogo sana na enzaimu ni mpya. Ama nisage laini zaidi?

MamaKemia: Kusaga pekee haitoshi ndugu yangu, selulosi, zile nyuzi za mmea zenye glukosi, imefungwa na lignini (gundi ngumu ya mmea) na hemiselulosi (sukari zingine zilizoungana) kama vyuma ndani ya zege, enzaimu inakosa pa kushika na ingine inanasa kwa lignini inapotea bure. Anza na kostiki soda asilimia 1 hadi 2, weka kwa otoklevu (chungu cha mvuke wa presha) nyuzi 121 kama saa moja hivi, maji yakigeuka kahawia ujue lignini inatoka, halafu osha mpaka pH ikaribie 7. Na tafadhali usikaushe kwa oveni baada ya hapo, vile vitundu vya ndani ya nyuzi vinajifunga na havifunguki tena vizuri, weka kwa friji ikiwa na unyevu.

otis_254: Asidi hafifu pia inafanya, ila moto ukizidi zailosi, sukari ya hemiselulosi, inageuka fufurali, kemikali ambayo inasumbua hamira ukifika kuchachusha, mimi kwa mabua napendelea soda. Cheki pia beta-glukosidesi, enzaimu ya kukata selobiosi (glukosi mbili zilizoshikana), selulasi za kuvu Trichoderma reesei mara nyingi huwa nayo kidogo, selobiosi inajaa inazuia kazi.

msomi_wa_Juja Road: Asanteni sana! Hayo maji ya kahawia namwaga wapi?

MamaKemia: Sio kwa sinki hivyo hivyo, bado ni makali. Ongeza asidi polepole, lignini itaganda chini, uichuje.