Naomba ushauri: galeti ya stroberi na sakura inalowa chini

Habari zenu wapishi, naombeni msaada. Siku hizi naoka sana galeti, ile pai ya wazi unayokunja tu kingo za unga kwa mkono bila chombo, naijaza stroberi alafu naipa ladha za Japani za msimu wa maua, yaani maua ya sakura (mcheri wa Japani) yaliyohifadhiwa kwenye chumvi na siki ya ume (tunda la Kijapani linalofanana na plamu), na macha, yaani chai ya kijani ya unga, kidogo kwenye unga wenyewe. Harufu ya sakura na siagi jamani ni nzuri mno, siachi hii kitu.

Sasa shida, chini inalowa kabisa. Naoka nyuzi 190 kwa dakika 40, kingo zinakauka vizuri lakini ukiinua kipande, katikati kunachuruzika maji ya stroberi. Nimeweka konflawa kijiko kimoja kwa gramu 400 za matunda, imepungua ila haijaisha. Nawaza nitandaze unga wa lozi chini ya matunda unyonye yale maji, au nipandishe moto mpaka 210 na trei iwe imeshapata moto, nianze na kipi?

Halafu maua nayaloweka dakika 10 na bado chumvi inazidi, nikiyaacha sana naogopa harufu itaondoka. Macha nayo inatoka kwenye oveni ikiwa ya kahawia, kijani chote kimekwenda, labda bora niichanganye kwenye krimu ya kuweka juu ikishapoa? Aliyewahi kuoka hivi anisaidie, wikiendi hii narudia tena.