Risechi ya majeraha ya mchezo wa kaiti, niko Moshi, nisaidieni kabla proposo haijarudishwa

binti_wa_Soweto
Habari za jioni wadau. Nasoma fiziotherapia hapa Moshi, mwaka wa mwisho, topiki niliyopeleka ni majeraha ya watu wanaocheza kaiti baharini na rihabu yao. Kwa ambaye hajawahi kuona ni ule mchezo mtu anasimama kwenye bodi juu ya maji anavutwa na kaiti kubwa la upepo, nenda Paje kule Unguja msimu wa kusi, kuanzia mwezi wa sita hivi, utayaona mengi hadi uchoke. Supavaiza kacheka kweli, akaniuliza we bahari umeiona wapi hapa Moshi, ila hajakataa. Mpango wangu ni kwenda kwenye mafaili ya hospitali kule kisiwani, nihesabu walioumia miaka ya karibuni, nitoe asilimia, goti ngapi, bega ngapi, basi. Inatosha au nitaumbuka siku ya kudefendi?

Mgumu_Marangu
Dada angu, unaacha wagumu, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, hapo mlangoni kwako, magoti yameisha kwa kushuka njia ya Mweka na mizigo mgongoni, unapanda boti kwenda kuhesabu wazungu wenye bima zao? Mi sielewi vijana wa sikuizi.

FizioNjiro
Kaka Mgumu hoja yako ni nzito ila ifungulie uzi wake nami ntakuja kuchangia, mtoto wa watu kaja na swali lake ajibiwe. Na sio wazungu tu, maticha wengi wa kaiti pale ni vijana wetu.

Mdogo wangu, mafaili yatakuangusha. Faili linakuambia nani kaumia, halikuambii wangapi walikuwa majini wala kwa masaa mangapi. Ukikuta magoti kumi na mabega mawili utasema goti ndo hatari, kumbe wa mabega wanameza panadol wanalala nyumbani. Kwenye majeraha ya michezo tunagawanya kwa masaa ya kucheza, majeraha kwa kila masaa 1000, ndo unaweza kulinganisha Paje na kwingine. Tafuta utafiti wa Nickel na wenzake wa 2004 kwenye American Journal of Sports Medicine, walifuatilia wachezaji 235 msimu mzima, wakapata majeraha 7 kwa masaa 1000, mguu na enka (kifundo cha mguu) ndo inaongoza, asilimia 28, kichwa 14, kifua na goti 13 kila kimoja. Na walichogundua cha maana kuliko hizo asilimia zote ni kwamba zaidi ya nusu ya majeraha yalitokea pale kaiti limemshinda mtu na akashindwa kujinasua nalo. Ni ya zamani lakini, vifaa vimebadilika sana toka hapo, na hapo ndo penye nafasi yako.

Alafu amua mapema "jeraha" ni nini. Ni mpaka aende hospitali? Ni kukosa siku moja ya kucheza? Usipoandika hilo kabla ya kuanza watakuuliza siku ya kudefendi na hutakuwa na jibu.

kusi_na_kaskazi
Mimi mtoto wa Kibosho ila nafundisha kaiti pale Paje, ndugu zangu hadi leo wanadhani nauza maembe ufukweni 😂

Dada njoo, ila jua unakuja kuona nini. Kaiti limefungwa kwenye hanesi, ule mkanda mpana wa kiunoni, kwa kamba za mita 20 na zaidi kidogo, upepo ukibadilika ghafla au ukakosea kona linakubeba. Anayeanza anaumia mchangani na kwenye maji mafupi, anaburuzwa, mbavu zinakula ndoano ya hanesi, au bodi inamrudia kichwani kama kaifunga na kamba, ndo maana sisi mwanafunzi hatumfungii bodi na helmeti ni lazima. Mzoefu anaumia kwa kuruka, anashuka toka juu miguu yote imeshikwa kwenye mikanda ya bodi, maji yakivuta ukingo wa bodi upande mmoja goti linazunguka na mguu umebaki. Hapo unasikia "ko!" na mtu mwenyewe anajua. Kuna na hizi foili, bodi yenye bawa la chini ya maji, ndo walizotumia Olimpiki ya 2024 kule Marseille, ile ikikupitia inakata kama panga.

Sasa vidogo vidogo hospitali hamvioni kabisa. Kukanyaga wale wadudu wa baharini wenye miba maji yakikupwa, kukatwa na kamba kidoleni, bega linalouma msimu mzima. Na ticha analipwa kwa somo, hajafundisha hajala, kwa hiyo enka imevimba anafunga bandeji anaingia majini kesho yake. Ukimuuliza "umeumia?" atakwambia hapana. Muulize "kuna siku umefundisha huku unaumwa?", utaandika mpaka wino uishe.

binti_wa_Soweto
Aisee. Basi naachana na mafaili, nakaa ufukweni na dodoso la kila wiki, maticha na wateja wa muda mrefu, masaa waliyoingia majini na maumivu hata kama hawajakosa siku. Upande wa rihabu je? Siwezi kumfuatilia mtu aliyechanika ACL, ile kano ya ndani ya goti, mwaka mzima na mi nadefendi mwezi wa saba.

FizioNjiro
Usimfuatilie, muulize alirudi lini na nani alimruhusu. Kwa ACL iliyofanyiwa upasuaji kuna utafiti wa Norway wa 2016, Grindem na wenzake, kila mwezi mtu aliochelewa kurudi michezoni hadi kufika miezi 9 hatari ya kuumia tena goti ilipungua kwa kama nusu. Na muda peke yake hautoshi, nguvu ya paja la mguu ulioumia ifike angalau asilimia 90 ya mwenzake, na kuruka kwa mguu mmoja hivyo hivyo. Hiyo ya kuruka unaipima hata mchangani, futi kamba na chaki basi. Kwa enka uliza kama alipewa mazoezi ya balansi au alipewa dawa ya kuchua akaambiwa pumzika, nahisi utapata ya pili nyingi mno. Na ukiwa pale akaumia mtu hawezi kukanyaga hatua nne, we acha dodoso, apelekwe eksirei.

Kingine, afya sio jambo la Muungano, kwa hiyo kibali cha kimaadili cha chuo chako huku bara hakikuruhusu kule. Anza mapema na ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya Zanzibar, usisubiri tiketi ya boti.

Mgumu_Marangu
Hiyo ya kuruka mguu mmoja mbona hata sisi tunaweza kupimwa pale getini?

kusi_na_kaskazi
@binti_wa_Soweto ukija uje maji yakiwa yamekupwa sana, hapo hakuna anayecheza watu wote wamekaa wanapiga stori. Yakijaa hutapata mtu wa kukusikiliza. Na dodoso liwe la Kiswahili, ukurasa mmoja, la kurasa tano watalifungia chapati.

binti_wa_Soweto
@Mgumu_Marangu kaka nikimaliza hii nakutafuta, sitanii.