Yule bwana wa dirisha la maabara amesoma nywila yangu kwa sauti mbele ya foleni nzima

Wakuu, naandika uzi huu nikiwa bado kwenye ngazi za jengo la idara, na mikono inanitetemeka kwa hasira. Sina haja ya kumtaja jina. Kila aliyepita katika idara ile anamfahamu yule bwana wa dirisha dogo la maabara ya kompyuta, mwenye kaunta buku la jalada jekundu na rundo la funguo zinazolia kiunoni hata akiwa ameketi. Leo amesoma nywila yangu kwa sauti, herufi kwa herufi, mbele ya foleni nzima ya mwaka wa kwanza.

Shida iliyonipeleka pale ilikuwa ndogo. Kozi ya utangulizi wa uandishi wa programu inamtaka kila mwanafunzi awe na akaunti kwenye seva ya idara, kwa kuwa kazi zote za semista hukusanywa humo, na programu isiyokubali kufanya kazi humo haipati alama hata kama chumbani kwako imekubali vizuri kabisa. Unajaza fomu, inagongwa mhuri, unaacha kopi ya kitambulisho, kisha unapewa kikaratasi chenye jina la mtumiaji na nywila ya muda. Kikaratasi changu kilichapishwa kwa wino unaokaribia kukata roho, na kwa aina ya herufi ambayo tarakimu 1 na herufi ndogo ya l ni mapacha ambao hata mama yao angewachanganya. Sifuri na O nazo zilikuwa vivyo hivyo. Nilipoandika, skrini ile nyeusi haikuonyesha chochote, si nyota wala nukta, kwa sababu Linux, mfumo unaoendesha seva ile, huficha kabisa kinachoandikwa mahali pa nywila, na hakuna mtu yeyote aliyekuwa ametueleza jambo hilo. Unabonyeza gizani, kisha seva inakujibu kwamba umekataliwa.

Nilirudi dirishani kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Nikamweleza kwamba akaunti inanikataa na kwamba naomba anisaidie kutambua herufi mbili zisizosomeka. Akafungua kaunta buku, akateremsha kidole kwenye safu ya majina, akainua uso, akanipita kwa macho na kuwaambia walio nyuma yangu: "Huyu ameshindwa kuandika herufi nane! Kidato cha sita alifaulu vipi?" Kisha akasoma. Alianza na namba yangu ya usajili, akafuata jina la mtumiaji, akamalizia na nywila, akitua baada ya kila herufi kama mwalimu wa imla.

Foleni ikacheka. Kicheko kile kilifika mpaka kituo cha daladala, na sitashangaa nikiambiwa kwamba makondakta walinyamaza kuita abiria ili wasikie kilichotokea. Shikamoo yangu hakuitikia, lakini nywila yangu aliisoma yote, na herufi ya mwisho aliirudia kwa faida ya waliokuwa mbali.

Nilipopata kompyuta yenye nafasi na kuingia ili niibadili kwa amri ya passwd, tayari ndani ya saraka yangu (folda) kulikuwa na faili liitwalo herufi_nane.txt, ambalo sikulitengeneza mimi. Nikalifungua. Ndani mlikuwa na neno moja tu: shikamoo.

Naomba mniambie kama kuna binadamu mwingine aliyewahi kutendewa hivi. Alisoma nywila yangu, wakuu. Kwa sauti.

Jivu_Moto: Pole sana, mleta uzi. Mimi fomu yangu aliirudisha kwa sababu niliijaza kwa wino wa bluu, na nilipoleta ya wino mweusi akaniambia kwamba mhuri umegongwa juu ya tarehe. Nilikaa bila akaunti mpaka kazi ya kwanza ikapita, na mhadhiri akasema kwamba yeye hahusiki na masuala ya dirishani.

Kaa_la_Seva: Kinachonitisha mimi ni lile kaunta buku kuliko kicheko. Seva ya Linux haihifadhi nywila yenyewe. Katika faili la /etc/shadow huhifadhi matokeo ya hesabu ya njia moja, ambayo hata msimamizi mkuu akiyatazama hawezi kukusomea nywila yako. Ofisi inayoweza kukusomea ni ofisi iliyoinakili mahali pengine. Kuna amri inayoitwa chage, ambayo ukiitumia kwa -d 0 humlazimisha mwenye akaunti kubadili nywila mara tu anapoingia kwa mara ya kwanza, na baada ya hapo kaunta buku lote lingekuwa karatasi za kufungia maandazi.

Nilikuwepo_Foleni: Mimi nilikuwepo. Kicheko hakikufika kituo cha daladala. Kiliishia kwenye mashine ya kutolea kopi. Aidha, mleta uzi anasahau kueleza kwamba alisimama pale dirishani akibishana wakati sisi wengine tulikuwa na kipindi, na kwamba dirisha hufungwa saa sita kamili.

Mleta uzi: Kama ulikuwepo, basi nijibu swali moja: wewe ndiye yule kijana mwenye kalamu?

Nilikuwepo_Foleni: Kalamu ilikuwa ya kujazia fomu.

Mkongwe_wa_Terminali: Vijana, wizi wa nywila vyuoni ni wa tangu enzi za kompyuta zinazojaza chumba. Mwaka 1962, pale chuo cha MIT nchini Marekani, mtafiti kijana aitwaye Allan Scherr alichoka na mgao wake wa saa chache kwa wiki kwenye CTSS, mfumo uliowaruhusu watu wengi kutumia kompyuta moja, akauomba mfumo uchapishe faili lote la nywila, akatumia akaunti za wenzake. Yeye angalau alihitaji mashine ili azipate.

Wakili_Mtarajiwa: Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mleta uzi aandike barua kwa mkuu wa idara na abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi.

Jivu_Moto: Mhuri huo anao bwana yuleyule.

Mwali_wa_Semista: Nyinyi mnalia kwa ajili ya nywila, na mimi nimemaliza nafasi yote niliyopewa kwenye seva bila kuandika programu hata moja. Nimejazwa na mafaili ya muda ya kivinjari cha kwenye kompyuta za maabara, na sasa kila ninapohifadhi kazi yangu naambiwa kwamba mgao umejaa. Je, kuna anayejua namna ya kuyafuta?

Kaa_la_Seva: Andika du -sh .cache uone ukubwa wake, kisha ufute yaliyomo ndani ya saraka hiyo peke yake. Usiguse saraka ya .ssh, ndimo zinamokaa funguo za kuingilia seva.

Mwali_wa_Semista: Ahsante sana, imekubali. Sasa naomba kuuliza: mahali pa kukusanyia kazi ya pili pamefunguka kwa mtu yeyote leo?

Nilikuwepo_Foleni: Pamefunguka, lakini panakataa kila faili lenye nafasi katika jina lake. Weka mstari wa chini (_) badala ya nafasi, na uwahi kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa sababu jana umeme ulikatika na seva haikuwashwa mpaka asubuhi.